Mpiga Kayamba wa Kwaya Yetu

Mpiga kayamba wa kwaya yetu hapa Bilele ana vidole vyeusi kwa utomvu, maana kutwa humenya ndizi mgahawani. Kayamba hulishika kama anayepepeta mchele, na halitikisi pale sisi tunapopiga makofi. Huacha kofi lipite kwanza, ndipo atikise, na mabega yake hufuata nyuma kidogo, bila haraka.

Juzi mwalimu wetu, Lwakatare, alileta mazoezini kinanda cha umeme chenye mdundo wa ngoma ndani yake. “Mama, Jumapili utaimba tu,” alimwambia mpiga kayamba. “Kayamba lako linachelewa.” “Halichelewi, mwalimu. Wimbo ukishakanyaga, mimi nauinulia mguu.” “Basi leo wimbo utajiinulia mguu wenyewe,” mwalimu akasema, na wengine wakacheka. Yule mama akalilaza kayamba mapajani, akaliwekea viganja juu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Tukaimba na kinanda. Hatukukosea neno, ila tulisimama kama tunaopigwa picha ya kitambulisho. Kwenye ubeti wa pili nikahisi mwanangu, niliyembeba mgongoni, ananipiga visigino, katikati ya kofi na kofi, palepale ambapo yule mama angetikisa. Nikashindwa kuimba kwa kicheko. “Wewe nawe una nini?” mwalimu akauliza. Nikamgeuzia mgongo, aone mwenyewe. Aliitazama ile miguu midogo mpaka ubeti ukaisha, kisha akaizima ngoma ya kinanda. “Haya mama, shika kayamba lako.” Tukapiga kofi la kwanza bila yule mama, tukijua anakuja.