Mkwe Aliyeitwa Barazani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu, chupa ya wino na daftari kubwa lenye jalada jeusi, nikaambiwa nisithubutu kukaa kabla Chifu hajakaa. Hiyo ilikuwa Tunduma, na msifikirie Tunduma hii ya malori. Palikuwa na maduka machache, gogo lililolazwa barabarani kuwa kizuizi, na nyumba moja ya baraza iliyoezekwa nyasi. Mimi nilikuwa Mnyiha wa Mbozi, nimetoka shule ya misheni juzi tu, kichwa kimenivimba kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Karani Mkuu wa pale, Mnamwanga mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alinifungulia daftari la kikao cha mwezi uliopita. Akaniambia, “Soma, kisha uniambie nani alikasirika siku hiyo.” Nikasoma mara mbili. Nikamjibu kwamba sioni aliyekasirika. “Vizuri,” akasema. “Karibu wapigane. Lakini ndivyo kumbukumbu zinavyoandikwa.” Nilidhani huo ndio mwisho wa elimu ya ukarani.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye halmashauri za leo, zenye viti vya kuzunguka na vipaza sauti, huenda hamjui baraza lilikuwa nini. Mwingereza alitawala kwa kupitia machifu. Kila eneo lilikuwa na Baraza la Wenyeji, yaani Chifu, majumbe wake waliosimamia vijiji, na wazee wachache waliokubalika. Hilo ndilo lililokuwa likitunga amri ndogo za mahali: kuchoma nyasi, kufunga mbwa, kusafisha njia, kuchimba mashimo ya taka. Rasimu nyingi zilitoka bomani, ofisi ya Mwingereza wilayani, zimekwisha kuandikwa, na kazi ya baraza ilikuwa kuzijadili na kuzipitisha au kuzibadili. Ikishapita, amri ilirudi bomani kutiwa sahihi na Bwana Mkuu wa Wilaya. Tangu hapo iliitwa sheria, na mtu aliyeivunja aliweza kufungwa.

Siku ya kikao ilikuwa na mpangilio wake, na karani ndiye aliyeushika. Kwanza niliita majina ili kuona kama akidi imetimia, maana wajumbe wakipungua idadi fulani, lolote litakalosemwa halina nguvu. Kisha nilisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, sauti juu, neno kwa neno, na wajumbe wakazithibitisha. Kabla ya kuthibitishwa, kumbukumbu ni karatasi tu. Ndipo yakaja mambo mapya. Nilisoma rasimu kwa Kiswahili, mkalimani akaitia katika lugha ya wenyeji, wazee wakasema, Chifu akafunga. Mimi niliandika.

Nilikaa Tunduma miaka minne, nikahamishiwa kwetu Mbozi miaka mitano, chini ya Karani Mkuu mwingine aliyekuwa mnene na mcheshi na aliyenifundisha kufupisha maneno ya wazee bila kuyaua. Nilipofikiriwa kuwa nimeiva, nikapelekwa Undali, kwenye vilima vya upande wa Itumba, niwe karani peke yangu. Sikuwa nimekaa na Wandali kabla ya hapo. Kijana wa Mbozi mwenye miaka tisa ya kazi hafikirii kwamba kuna la kujifunza mlimani.

Msaidizi wangu pekee alikuwa tarishi, Mzee Swila. Tarishi ndiye aliyebeba barua na miito, na huyu alivijua vilima vyote kwa nyayo zake. Mtu mpole, lakini mkaidi. Ukimwambia peleka, alipeleka. Hakuongeza kitu na hakupunguza kitu.

Baada ya mwaka hivi, ililetwa rasimu ya amri kuhusu vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi penye udongo wenye unyevu. Wataalamu wa kilimo walikuwa wanasema vinyungu vinaharibu kingo za vijito na udongo unakwenda na maji, na hawakuwa wanasema uongo. Kwa hiyo rasimu ilikataza kulima bondeni kabisa. Shida ni kwamba mashamba ya mlimani yalikuwa ya wanaume, na vinyungu vilikuwa vya wanawake. Humo ndimo yalimotoka maharage na mahindi mabichi ya miezi ile ambayo ghala limekwisha na mlimani hakujaiva kitu. Wajumbe wa baraza wote walikuwa wanaume. Waliisikiliza rasimu wakipiga miayo.

Wanawake walituma neno kwa Mzee Swila kwamba wanataka kusema. Chifu alikuwa muungwana, akakubali aje mmoja. Wakamchagua Tusekile, mama wa watoto watano, ambaye mume wake alikuwa machimboni Rodeshia ya Kaskazini na hakuwepo wa kumsemea. Mimi nikaandika mwito kwa mwandiko wangu mzuri, nikagonga muhuri, nikampa tarishi. Sikuuliza huyo Tusekile ni mke wa mtoto wa nani.

Siku ya kikao Bwana Shauri alikuwepo. Huyo alikuwa ofisa wa Kizungu, msaidizi wa Bwana Mkuu wa Wilaya, anayezunguka mabaraza. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, ila hakikuwa na mzaha hata kidogo. Nilipofika kwenye jambo la vinyungu, nikaita jina la shahidi. Mwanamke akatokea mlangoni. Akaangalia ndani mara moja tu, akavuta shuka akajifunika kichwa, akainama, akageuka, akaondoka upesi. Nikaita tena kwa sauti kubwa zaidi. Nilipoangalia wazee, kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake.

Bwana Shauri akauliza shahidi yuko wapi. Chifu akajibu kwamba ameondoka, na hakueleza zaidi. Mimi nikachovya kalamu nikaandika: “Shahidi aliitwa mara mbili, hakusema neno. Hakuna pingamizi kutoka kwa wanawake.” Amri ikapita. Mzee Ambokile, mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote aliyekaa benchi la mbele karibu na mlango, alikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

Jioni Mzee Swila alinikuta nafunga kabati. Akasimama mlangoni, akasema, “Karani, kule kwenu Mbozi mmesoma sana. Yule mama ni mkwe wa Mzee Ambokile. Ameolewa na mwanae. Kwetu hapa mkwe na baba mkwe hawaonani. Akimwona njiani anaingia porini mpaka mzee apite. Sasa wewe umemwita aje asimame hatua tatu mbele yake, tena umemtaja jina mzee anasikia.”

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

“Hukuuliza. Uliniambia peleka barua. Nimepeleka barua.”

Kwetu Unyihani pia mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa kiasi hicho. Na ndiyo maana barazani hakuna aliyefungua kinywa. Kulitaja jambo lile mbele ya mzee mwenyewe, tena mbele ya Mzungu, kungekuwa kumwaibisha mara ya pili.

Nasema kweli, nilifikiria kunyamaza. Kikao kingine kilikuwa mwezi mmoja baadaye, kumbukumbu zingesomwa, zingethibitishwa, na Bwana Shauri angezibeba siku hiyo hiyo kwenda bomani kutiwa sahihi. Hakuna ambaye angenilaumu. Upande mwingine, karani anayesema mwenyewe kwamba kitabu chake kina kosa ni karani anayejitafutia kufukuzwa, na mimi nilikuwa na mke na watoto wawili.

Nikamwomba Mzee Swila anipeleke bondeni. Tulimkuta Tusekile na jembe, matope mpaka magotini. Nilitegemea anipe vidonge vyangu, na nilistahili. Hakunigombeza. Alisema tu, “Sikuogopa baraza, karani. Lakini ningeingia mle, mzee wangu angevunjiwa heshima mbele ya watu, na nyumba yangu ingeharibika. Sasa niambie wewe unayeandika. Mwezi wa kwanza watoto wangu watano watakula nini?” Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikupenda mwandiko wangu.

Kikao cha mwezi uliofuata nilisoma kumbukumbu mpaka nikafika kwenye mistari ile miwili. Nikasema, “Chifu, maneno haya si kweli. Kosa ni langu.” Nikaeleza kwa kifupi kwamba shahidi alizuiwa na heshima, si kwamba hakuwa na la kusema. Sikumtaja mzee jina, ingawa wote walijua.

Bwana Shauri akaweka kalamu yake chini. “Unataka kusema umeandika uongo katika kitabu cha Serikali?”

“Niliandika nilichoona, Bwana. Sikujua nilichoona.”

Alinikazia macho, akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Halafu akashauri mzee anayehusika atoke nje ili shahidi aingie. Lingekuwa jambo rahisi, lakini siku hiyo majumbe wawili walikuwa wagonjwa na mmoja yuko msibani. Akidi ilikuwa imetimia kwa kichwa kimoja tu. Mzee Ambokile akitoka, kikao kimevunjika, na Bwana Shauri alisema waziwazi kwamba hatarudi bomani bila amri ya vinyungu, hivyo kikao kikivunjika atachukua kumbukumbu kama zilivyo, hata bila kuthibitishwa. Nikaona nimejiharibia kazi bila kumsaidia mtu.

Ndipo Mzee Ambokile akainuka. Hakutuangalia. Alichukua kigoda kilichokuwa kando ya benchi, akatembea polepole mpaka pembe ya mwisho ya nyumba, akakaa akielekea ukutani, mgongo kwetu sote. Akasema, “Huyo mtu asemee nje, kwenye dirisha. Mimi sipo.”

Bwana Shauri akageukia Chifu. “Yupo au hayupo? Nataka kujua kwa ajili ya akidi.”

“Kwa baraza yupo,” Chifu akajibu. “Kwa mkwe wake hayupo.”

Sijui kama Bwana Shauri alielewa, lakini aliniashiria niendelee. Mzee Swila akaenda kumleta Tusekile, ambaye siku hiyo sikumwandikia mwito wowote, bali alikuja mwenyewe na wanawake wenzake, wakakaa nyuma ya nyumba wakisubiri. Akasimama chini ya dirisha. Tuliokuwa ndani tuliona ncha ya shuka yake tu.

Alisema kwa Kindali, taratibu, na mkalimani akafuatisha. Alieleza kinyungu kinalimwa lini na kinavunwa lini. Alisema wao wenyewe wanaacha matete kando ya kijito ili ukingo usibomoke, na asiyeacha, wenzake humkemea. Akasema miezi ghala linapokuwa tupu, hakuna nyumba kilimani kote, ya maskini au ya mkubwa, ambayo chungu chake hakitegemei bondeni. “Na wazee wetu wanapelekewa chakula hicho kila siku,” akamalizia. “Mtoto ndiye anayepeleka, sisi hatufiki. Labda ndiyo maana hawajui kinakotoka.”

Kisha tukasikia sauti kutoka pembeni, ikiuambia ukuta.

“Karani, andika. Mwezi uliopita nilisema ndiyo. Maharage hayo nimeyala miaka kumi na mbili, nikidhani yanatoka shambani kwangu. Sijawahi kusikia sauti ya mtu huyu mpaka leo. Nageuza neno langu.”

Wengine wakamfuata. Amri ikaandikwa upya: ukingo wa kijito uachwe matete hatua kumi, na kupita hapo vinyungu vilimwe. Bwana Shauri alinung’unika kidogo kuhusu ushahidi wa mtu asiyeonekana, lakini akachukua karatasi, na sahihi ya bomani ikaja kabla ya mwisho wa kiangazi. Wanawake walipanda mwaka ule kama kawaida. Mzee Ambokile na mkwe wake hawakuonana hata baada ya hapo, mpaka mzee alipofariki.

Mimi nilipata barua ya karipio, ikawekwa kwenye jalada langu, na nikahamishiwa baraza la Mbangala, kazi ile ile, cheo kile kile. Sikupewa ukarani mkuu wakati wa Mwingereza, na ulipokuja Uhuru nilikuwa nimekwisha kuzoea kuitwa karani wa daraja la pili. Nilistaafu hivyo hivyo.

Sasa nina kahawa yangu kidogo hapa Mbozi, na vijana wa halmashauri hupita kuniuliza habari za kazi za zamani. Nikiwasimulia haya wananipa pole kwa ajili ya lile karipio. Nawaambia wasijisumbue, karipio lile nalipenda kuliko barua zote nilizowahi kuandikiwa.

Kinachoniumiza ni kingine. Kabla ya Undali nilikuwa nimeandika kumbukumbu kwa miaka tisa, Tunduma na Mbozi. Kwenye amri baada ya amri niliandika, bila kutia doa la wino, “Hakuna pingamizi.” Amri hizo zilitiwa sahihi na watu wakazitii. Na katika miaka hiyo yote tisa, sikuinuka hata siku moja kwenda kuangalia ni nani aliyesimama nje ya mlango.