Mikono Mgongoni

Mama wa maabara, kama wenzake wanavyomwita, haitikii salamu ya mtu kabla hajachungulia kisahani chake. Humo mna kiraka cha moyo, chembamba kama ganda la kitunguu, alichokichapa kwa mashine tabaka juu ya tabaka, kwa seli za mgonjwa mwenyewe anayekisubiri. Huvuta kiti, hufuta miwani kwa pindo la koti, kisha hufunga mikono mgongoni ndipo ainamie hadubini. Aliwahi kushangilia kiraka kinachodunda, kumbe ni mapigo ya kidole chake alichokiegemeza kwenye kisahani.

Viraka viwili vilishamfia, na seli zilizobaki zilitosha hiki kimoja tu. Siku ya sita, mwenzake alimtangulia kuchungulia.

"Mama, kinadunda."

"Toa mkono hapo," akamjibu kwa sauti kavu.

"Nilishautoa."

Akasogea, mikono mgongoni, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Kiraka kilikuwa kinajikunja na kujikunjua taratibu, bila kumwomba mtu ruhusa. Akashusha pumzi, akamgeukia mwenzake.

"Nzuri," akasema. "Si uliniuliza habari za asubuhi?"