Kabari ya Barafu Niliyoichora kwa Mwiko

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kabla ya chai. Nilikuwa fundi wa lipu kutoka Tanga, nimezoea kuta za nyumba za mtaa wa La Rochelle, hapa Johannesburg, na idara ya jiolojia ya chuo kimoja iliniajiri kwa sababu nilijua kushika mwiko. Tulikwenda milimani, upande wa Lesotho, tukachimba handaki, nikaambiwa nisafishe ukuta wake. Nikaulainisha ukang'aa. Msimamizi wa maabara, mama wa Lubumbashi, alishika kichwa.

"Eish, Baba Mbwana! Hii ukuta haiko ya nyumba. Unakwangula pole-pole, hapana kulainisha. Umeficha matabaka yote!"

"Nisamehe, Mama. Nilidhani mnataka upendeze."

Tulikuwa tukitafuta alama za kabari za barafu. Mahali ambapo ardhi imeganda mwaka mzima, baridi kali huipasua, maji huingia kwenye ufa na kuganda. Mwaka unaofuata hupasuka palepale, barafu ikazidi kunenepa, pana juu na nyembamba chini, ikisukuma matabaka ya pembeni mpaka yanajikunja kwenda juu. Joto likirudi, barafu huyeyuka na udongo hujaza nafasi yake. Ukilikuta umbo hilo, unajua zamani hapo palikuwa na baridi ambayo leo haipo. Ndiyo maana mwiko huenda kwa ubavu, ukifuata matabaka, kamwe si kutoka juu kwenda chini.

Mwaka wangu wa tatu, Mkuu wa Idara mwenyewe, profesa asiyecheka ovyo, alisimama mbele ya ukuta wangu akapiga kelele kama mtoto. Weusi ulikuwa umeshuka ndani ya udongo wa njano, ukichongoka chini. Alipiga picha, akapiga simu, akaahidi kuitangaza kabari hiyo kwenye mkutano wiki ileile. Wanafunzi wakakumbatiana.

Mimi nikausogelea ukuta. Ukuta ule niliusafisha asubuhi ukiwa umelowa mvua, nina haraka, na mazoea ya lipu yakanirudia: nilivuta mwiko kutoka juu. Nikatazama pembeni. Matabaka yalikuwa yamelala sawa, hayakujikunja hata kidogo.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuusaini upya alikuwa yeye. Niliogopa, sifichi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza:

"Mkuu, hiyo kabari nimeichora mimi."

"Umeichora vipi?"

"Kwa mwiko. Nimeupaka udongo mweusi wa juu. Niruhusu nikate ndani shubiri moja. Kama ni ya kweli, itaendelea."

Akanipisha. Nilipofika unene wa vidole viwili, weusi ulikuwa umekwisha. Mkuu alikaa juu ya ndoo, akavua kofia, akaanza kufuta picha moja baada ya nyingine. Alipomaliza akawaambia wanafunzi, "Kuanzia leo hakuna atakayechora ukuta kwenye daftari kabla Mzee Mbwana hajaukata shubiri moja."

Mkataba wangu aliusaini. Nilistaafu mwaka jana, na wanafunzi wale, wengine sasa ni wakubwa wa idara, bado wanakata kile wanachokiita shubiri ya Mbwana. Nikisikia hivyo najisikia mkubwa kuliko wao, Mungu anisamehe.

Kwenye korido ya idara kuna ramani yenye vidoti vyekundu, kila kidoti mahali palipopatikana alama ya kabari. Siku ya kuniaga, mjukuu wangu Zuhura, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, aliutafuta mlima wetu asione kidoti chochote. Akauliza kama miaka yote ile hatukupata kitu.

Niliweka kidole pale patupu.

"Hapa pangekuwa na kidoti, mjukuu wangu. Aliyekizuia ni babu yako."