Mkono wa Esha Usiosikia Moto

Ukitaka kunichefua, msifie mtu mbele yangu kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hulielewi. Msimu mzima wa korosho, huku kwetu karibu na Mingoyo, watu walimsifia wifi yangu Esha, mjane wa kaka yangu, kwamba ana mkono wa chuma. Sisi wengine tukibangua korosho tunajipaka majivu viganjani, maana mafuta ya lile ganda yanababua ngozi mpaka inabanduka. Esha aliacha kujipaka. Alizichukua korosho zikiwa bado zinafuka moshi juu ya bati, akazipasua huku akiendelea na hadithi zake.

"Umeuzoeshaje mkono, Mama Zakia?" walimuuliza.

"Kazi tu, mwanangu. Mkono ukifanya kazi unazoea."

Uongo mtupu. Mimi nabangua tangu sijavunja ungo, na mkono wangu haujazoea chochote. Siku moja tukiwa jikoni nilisikia harufu ya nyama inaungua, na hatukuwa tumepika nyama. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimelalia ukingo wa sufuria. Nikaupiga mkono wake kofi ukaruka. Akacheka, akaniambia nina kelele kama kuku anayetaga. Mimi sikucheka. Kile kidole kilikuwa kimeanza kujikunja, hakinyooki, na karibu na kiwiko alikuwa na baka lililofifia rangi, ambalo yeye aliliita mba. Nikamwambia aende zahanati. Akasema zahanati wanaenda wagonjwa.

Kisha binti yake Zakia akaja kutoka Njinjo alikoolewa, kujifungua uzazi wa kwanza kwa mama yake kama desturi ilivyo. Akapata mtoto wa kike. Mzazi lazima akandwe: kitambaa kinachovywa kwenye maji ya moto, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni na kiunoni, kisha mtoto naye anaogeshwa. Mkandaji hupima maji yote kwa mkono wake. Majirani wakasema, nani zaidi ya Esha? Mkono usioogopa moto ndio wa kukandia.

Asubuhi hiyo mtoto nilimpakata mimi. Esha akatumbukiza mkono ndooni, akautuliza humo, akasema, "Maji yako sawa." Mvuke ulikuwa mwingi kuliko nilivyozoea kuuona. Kabla sijafungua mdomo kitambaa kilikuwa kimeshafika tumboni.

Zakia alipiga ukelele mpaka majirani wakaja mbio. Kitambaa kilipobanduliwa, ngozi ilitoka nacho.

Esha aliurudisha mkono ndooni, akakoroga polepole. "Mbona ya vuguvugu tu," alisema. "Wifi, njoo uguse. Si ya vuguvugu haya?"

Sikugusa. Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu hadi akalia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafuata kuogeshwa.

Mganga wa zahanati ni kijana anaitwa Sipriani. Alimfunga Zakia jeraha, akamtuliza kwamba ngozi ya juu ni tishu inayofunika mwili na kuulinda, na ikiungua hujiotesha upya maadamu chini yake kuna uhai. Kisha akamgeukia Esha. Mkono wake ulikuwa umejaa malengelenge, naye alikuwa ameuegemeza mezani bila habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe wapi."

Akachukua kipande cha pamba. Akagusa kidole, kiganja, lile baka. Esha alikaa kafumba macho, anasubiri Sipriani aanze kumgusa.

"Mama, umewahi kukata paja la kuku?" Sipriani aliuliza. "Juu kuna ngozi, ile inayofunika. Ndani kuna nyama, huo ndio msuli. Ukijikunja na kulegea ndipo kiungo kinatembea. Halafu kuna kano, mafuta, mfupa na ule utando mweupe. Hizo ni tishu unganishi, zinashikilia vyote pamoja, na hata damu inayobeba chakula imo kwenye ukoo huo. Tishu ya nne ni ule uzi mweupe unaopita katikati ya nyama. Hiyo ni neva. Inapeleka habari kichwani kwamba hapa pana moto, na inarudisha amri kwamba toa mkono."

"Na mimi?"

"Tatu unazo. Ya nne inakufa. Ni ukoma, mama. Vijidudu vyake hupenda kuishi kwenye neva. Na msuli usiopata amri hunyauka, ndiyo maana kidole kimejikunja."

Esha hakulia. Aliuliza jambo moja tu: mkono utarudi kusikia?

Sipriani hakumdanganya. Dawa ni bure, zinaua vijidudu, na akishaanza kuzimeza hataambukiza mtu. Kwa neva alimpa vidonge vya kutuliza uvimbe wake. Zilizovimba huenda zikapona, zilizokufa haziamki. Akasema atakuja nyumbani kutupima sote, na akamwambia Esha angoje, siku moja huenda atasikia kitu vidoleni, hata mwasho. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Wiki zikapita. Esha alimeza dawa bila kuruka. Kila asubuhi nilimuuliza, "Umesikia kitu?" Akatikisa kichwa. Maji ya mtoto sasa alipima Zakia.

Jana mchana Zakia alikaa mkekani kando ya mama yake, akamlaza mtoto katikati yao. Esha alikuwa amegeukia kwangu, ananisimulia kwamba siku hiyo anaona mkono una uhai kidogo, ana matumaini. Mkono wenyewe ulikuwa umelala mkekani. Mtoto akapapasa, akakipata kile kidole kilichojikunja, akakishika kwa ngumi yake yote. Akakivuta. Akakitia mdomoni, akaanza kukinyonya.

Zakia akanitazama.

"Wifi, unanisikiliza lakini?" Esha aliuliza, na akaendelea kusimulia.