Asali ya Kuficha Kikohozi

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Morogoro, natazama wingu likiteremka milima ya Uluguru polepole, kama lililosinzia. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha magunia huko Kihonda, na barua ya mwajiri mapajani. Kifua kikimkereketa, analamba asali kutoka kwenye kichupa.

"Wamenituma nipimwe ili wapate sababu ya kuniachisha," alininong'oneza. "Leo sikohoi."

Muuguzi alipopita, mama akamwomba amsomee barua. Muuguzi akaisoma kwa sauti ya chini, kisha akamwambia:

"Mama, hapa hawajauliza kama uachishwe. Wanauliza vumbi la katani limekuumiza kiasi gani, na wakupe kazi ipi isiyokuumiza. Sasa usipokohoa, daktari atawajibu nini?"

 Mama akafunga kichupa chake. Kisha akakohoa, taratibu, kikohozi cha miezi mingi, macho ameyafumba kama anayeoga maji ya moto.

Mimi nami, mwenye barua ya mwajiri mfukoni, nilikuwa nimekaa wima tangu saa mbili, nisionekane mgonjwa wa mgongo. Nikaegemea ukuta, nikaguna.