Bei Iliyorudi Nyuma

Bwana Mita alikuwa mwoga, wala halikuwa jambo la siri, kwani mwenyewe alilisema bila kuona haya. Kwa miaka thelathini na miwili alisoma mita za umeme nyumba kwa nyumba, na kila geti aliliingia mguu mmoja ndani, mmoja nje, tayari kutimua mbio. Mbwa akibweka tu, alikadiria kwa macho kutoka barabarani na kwenda zake. Alichojaliwa badala ya ushujaa ni unadhifu: daftari lisilo na doa, mwandiko wa kuonewa wivu na hesabu za kujumlisha zisizokosea hata siku moja.

Ndiyo maana dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alipostaafu upishi wa shule na kupewa mafao yake, alimwita yeye.

"Mdogo wangu, mimi najua sufuria na chumvi. Haya mambo ya vipande siyajui. Naweka nusu kwanza kwenye huo mfuko wa nishati safi, wewe niangalizie. Ukiniambia uko sawa, naweka na nusu iliyobaki."

Mfuko wenyewe haukuwa na ugumu. Watu wengi wanachanga, wataalamu wanazipeleka fedha kwenye kampuni za umeme wa jua na wa upepo, kila mtu anapata vipande kulingana na alichotoa, na kila baada ya miezi mitatu anapewa gawio. Dada alinunua vipande elfu sitini, kila kimoja shilingi mia moja. Milioni sita hizo. Milioni sita nyingine zikabaki benki, na zote kwa pamoja ndizo zilizokuwa uzee wake: kodi ya chumba, dawa za presha, sukari ya chai. Mtoto wa kumtunza hakuwa naye. Alikuwa na Bwana Mita.

Mwaka na nusu ukapita. Gawio likaja mara sita, laki moja na elfu ishirini kila mara, na kila lilipoingia Bwana Mita alimpigia simu dada yake kwa sauti ya mtu aliyelileta mwenyewe kwa baiskeli. Dada akaridhika. Akasema Jumamosi anakuja, wakajaze fomu ya nusu iliyobaki.

Alhamisi Bwana Mita akaenda ofisi za mfuko kuichukua hiyo fomu. Mama wa kaunta, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, akabonyeza kompyuta yake.

"Bei ya kipande leo ni themanini na moja."

Bwana Mita akacheka kwa adabu. "Mia na mbili, mama. Hebu angalia vizuri."

"Mia na mbili ilikuwa mwaka jana, baba. Kwani hamletewi taarifa? Mbona imeandikwa pale juu kabisa?"

Taarifa aliletewa, zote sita, na alizisoma. Ila alizisoma kama msoma mita. Kwenye kazi ile namba hupanda tu. Ukikuta namba ya leo ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita, ama mwenye nyumba ni mwizi, ama wewe umekosea kusoma; na utaratibu wake ulikuwa kuandika namba ya zamani, kutia nukta pembeni, na kusubiri mwezi ujao. Kwa hiyo taarifa ya kwanza iliposema mia na mbili, aliandika mia na mbili. Ya pili iliposema tisini na saba, aliandika mia na mbili, akatia nukta. Ikaja tisini na tano, ikaja tisini, themanini na sita, themanini na tatu. Daftari likabaki mia na mbili kutoka juu mpaka chini, na nukta tano zimejipanga vizuri ubavuni.

Nanyi msimwonee huruma haraka. Msoma mita yeyote mwenye akili zake, akifika nukta ya tatu, anarudi kwenye ile nyumba kuuliza kulikoni. Yeye alijua. Lakini kuuliza ni kujibiwa, na jibu alilinusa tangu mbali. Hata ule ukurasa wa mwisho wa fomu ya kwanza, ulioandikwa "Kiwango cha hatari: sita kati ya saba", aliukunja kwa ndani na kuubana kwa pini siku ya kwanza kabisa, ili usimtazame.

"Kwa nini imeshuka?" aliuliza.

"Hizi kampuni zinakopa sana ili zijenge mitambo. Riba imepanda, faida imepungua, bei nayo imefuata. Gawio wanalipa bado, ila hakuna aliyewaahidi kwamba litakuja siku zote."

"Na bei itapanda tena?"

"Inaweza kupanda. Inaweza pia isipande."

Akatoka na fomu, akakaa kwenye benchi la nje. Akapiga hesabu ambayo angepaswa kuipiga mwaka mzima uliopita. Gawio lote, laki saba na elfu ishirini. Vipande kwa bei ya leo, milioni nne, laki nane na elfu sitini. Ukijumlisha, milioni tano, laki tano na elfu themanini. Dada alitoa sita. Zile simu zote za furaha, kumbe mwenzake alikuwa anapungukiwa huku akipongezwa.

Ijumaa hakula. Alinunua daftari jipya, akajifungia chumbani, akaanza kunakili upya zile safu bila nukta. Mwandiko ukaharibika, jambo ambalo halijapata kumtokea. Mkewe akaingia bila kubisha.

"Unaandika nini?"

"Nasafisha daftari."

Mkewe akaliangalia la zamani, akaliangalia jipya, kisha akamwangalia yeye. "Baba watoto, yule ndiye aliyekuogesha ulipokuwa mdogo. Ukimdanganya, mimi humu ndani sitakaa." Akatoka. Bwana Mita akabaki na woga wa pande mbili, na hakujua upi unamuuma zaidi.

Jumamosi saa nne asubuhi Dada alifika, amevaa nguo yake nzuri, hundi ya benki ndani ya bahasha. Alilifungua daftari la zamani pale mezani na kulipapasa kwa kiganja.

"Tazama mwandiko huu! Nimewaonjesha habari wapishi wenzangu, wawili nao wanataka kuweka." Akafungua kalamu. "Haya, sahihi natia wapi?"

Bwana Mita akainua kidole, akakiweka juu ya nukta ya kwanza. Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudia rudia, lakini alieleza yote: tisini na saba aliyoiona na hakuiandika, nukta ya tatu aliyoijua maana yake, ukurasa alioubana kwa pini, daftari jipya la jana.

Dada akaiweka kalamu chini.

"Lakini gawio si nililipata?"

"Ulilipata, Dada."

"Na bado nimepungukiwa?"

"Laki nne na elfu ishirini. Ukiuza leo."

"Na za kwako ziko ngapi humo?"

Hilo hakulitegemea. Alitazama meza. "Hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

"Niliogopa."

Dada akatikisa kichwa polepole. "Za kwako uliziogopea," alisema. "Zangu hukuziogopea."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Bwana Mita. Angepigwa kofi angejua pa kushika. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Dada akarudisha bahasha ya hundi mkobani, akafunga zipu. Kisha akalivuta daftari upande wake, akageuza karatasi mpya, na kushika kalamu kwa nguvu, kwa namna ya mtu ambaye hakuandika sana maishani.

"Lete hizo taarifa," alisema. "Wewe soma. Kuandika nitaandika mimi."

Bwana Mita akaenda kuzichukua. Akasimama kando ya meza, akaisoma ya kwanza, kisha ya pili. "Tisini na saba," alisema, na akasubiri mpaka dada yake alipomaliza kuiandika.