Kisigino cha Upepo

Wifi yangu ni mpishi wa kambi ya juu, kule mlimani ambako miti imeshakata tamaa na maharage huchemka kutwa nzima yakigoma kuiva. Mimi ni mfagizi wa vyumba hapohapo. Tunavumiliana kwa shida, maana mimi nina mdomo na yeye ana mwiko.

Nyuma ya jiko lake kuna mmea. Ukiuona mara ya kwanza utadhani ni jiwe lililoota ukungu: wa mviringo, umejikaza, vijani vimebanana hata sindano haipiti. Ndivyo unavyojikinga na baridi. Mwaka mzima hauongezeki hata upana wa ukucha. Wapagazi waliuita Kigoda kwa sababu waliukalia wakivua viatu, na wifi alikuwa akiwatimua.

Mwanawe alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Tulimwita Upepo, kwa kuwa kutembea hakukujua. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, alitoka jikoni mbio kwenda kambi ya chini kuchukua mtungi wa gesi, akatua kwa kisigino katikati ya Kigoda.

"Umekanyaga tena? Macho umeyaacha kitandani?" mama yake akamfokea.

"Utaota tu, mama," alisema huku akicheka, akateremka.

Mawe yaliporomoka yakamkuta njiani. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Tangu siku hiyo wifi aliuzungushia mmea ule mawe. Aliyeusogelea alikosa chai, awe mgeni, awe mkubwa wa kambi. Afisa wa mimea, anayepanda kila msimu kukagua uoto wa mlimani, alimsifu mbele yetu sote, akasema laiti kila mfanyakazi angekuwa na moyo kama huo. Nilinyamaza, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kufagia. Wifi hakuwa akilinda mmea. Alikuwa akilinda shimo la kisigino.

Juzi afisa akaja tena. Alipiga magoti, akachungulia, akainuka uso umemng'aa.

"Mama, nina habari njema. Kidonda kinafunga. Vichipukizi vimejaa humo ndani. Baada ya misimu michache hutajua kama palikanyagwa."

"Ahsante, baba," wifi akajibu. Akarudi jikoni, akaunguza maharage.

Nilipokwenda kumwaga maji machafu nilimkuta amepiga magoti nyuma ya jiko, mkono ameutumbukiza ndani ya kiatu cha zamani cha Upepo. Kisigino cha kiatu alikuwa amekiweka juu ya lile shimo. Hakikuingia. Shimo lilikuwa limeshapungua, lakini angekandamiza kidogo tu lingerudi vilevile. Moyo uliniuma, nikaona heri alipate shimo lake.

"Kandamiza, wifi," nikamwambia. "Mimi sijaona kitu."

Akaegemea. Kisha akakivuta kile kiatu, akakipakata, akapitisha kidole juu ya vichipukizi kuona kama vimevunjika.

"Nilimfokea mwanangu kwa kukanyaga," akasema. "Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Leo nikanyage mimi?"

Nikaweka ndoo chini, nikakaa naye, wageni wakangoja chai.